Kathiani si uwanja wa golfu: mteremko ndio unachagua mashine

Wasee wangu, leo naanza na msamaha. Ile video yangu ya mashine nyekundu ya kusukuma, yenye magurudumu manne na kikapu cha nyasi nyuma, mliipenda sana. Niliipiga kwenye uwanja wa kanisa, pale pamelala sawa kama meza. Nikawaambia, "Nunua hii, uanze kukula doo ya nyasi." Boy wangu mmoja akaniamini. Akatoa akiba yake ya boda, akanunua, akachukua kandarasi ya kukata nyasi kwenye shule moja iliyo ubavuni mwa kilima huku kwetu Kathiani.

Siku ya kwanza hakumaliza hata robo. Akishuka, mashine inamvuta. Akipanda, inamrudia miguuni. Kufika saa nne asubuhi injini ikatoa moshi mzito, ikazima. Akaita wasee wawili wenye slasha, wakamaliza kazi kwa siku mbili, na akawalipa kutoka mfukoni mwake. Mashine iko stoo kwa mama yake mpaka leo.

Kosa halikuwa la mashine. Kosa lilikuwa letu, na zaidi langu. Mimi nilichagua kitu kinachopendeza kwa kamera. Kumbe kwa kazi ya mlima, mteremko ndio unachagua, wewe unalipa tu.

Sikia sababu. Injini ya stroku nne kwenye mashine nyingi za magurudumu ina oili inayokaa chini kama maji kwenye sufuria. Ukiinamisha sufuria, maji yanaenda upande mmoja. Oili ikihama hivyo, nyingine inaingia inapochomeka petroli na kuwa moshi, na sehemu za chuma zilizohitaji oili zinabaki kavu zikisagana. Hata zile kubwa za kukalia na kuendesha, watengenezaji wengi huandika kwenye kitabu kwamba usipite digrii 15. Tatizo ni kwamba hakuna mtu hufungua hicho kitabu.

Sasa digrii 15 utazijua vipi? Chukua fimbo ya mita 1. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu wa mteremko, halafu ilaze fimbo sawasawa, na chupa ya maji nusu juu yake ikuonyeshe kama imelala vizuri. Pima kutoka ncha ile nyingine kushuka hadi chini. Ukipata sentimita 27, hizo ni digrii 15. Ukipata 58, uko digrii 30, na hapo mambo ya magurudumu sahau. Fanya hivyo kabla ya kutaja bei kwa mteja. Ni dakika tano tu, na boy wangu angeokoa akiba yake yote.

Kwa hivyo ubebe nini? Tuanze na slasha, na najua mtacheka. Wengi wetu tuliijua slasha kama adhabu ya shule: ukichelewa, unapewa kipande cha nyasi. Ndiyo maana tukikua tunaiona ya aibu. Lakini slasha haili petroli, haiogopi digrii yoyote, na ikiharibika unainoa kwa tupa. Kwa kazi ndogo, kama kaburi, njia ya kwenda mtoni au nyuma ya ploti ya kukodisha, inakuachia faida yote.

Kazi ikiwa kubwa, nasimama na brashikata, ile ya kubeba, yenye mti mrefu na kichwa kinachozunguka. Uzito unaubeba wewe, kwa hivyo inaenda popote miguu yako inaposhika. Lakini hata hapo kuna kuchagua. Stroku mbili ni nyepesi na fundi wake hakosekani, ila inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, hiyo ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kama ni 25 kwa 1, ni mililita 40. Ukikadiria kwa kifuniko cha soda, injini utaizika mwenyewe. Stroku nne haihitaji kuchanganya na haina kelele sana, lakini hakikisha ni ile iliyoundwa kuinamishwa. Honda GX35, kwa mfano, iliundwa ifanye kazi hata ikilala au kupinduka. Ile ya magurudumu haikuundwa hivyo.

Kuna ya begani na ya mgongoni. Ya mgongoni inagawa uzito vizuri, na mti wake unacheza kwa urahisi kwenye sehemu nyembamba. Shida ni kwamba ukiteleza, kuitoa haraka si rahisi. Ya begani yenye mkanda wa kufunguka mara moja unaiachilia tu. Kwa mtu anayeanza, mimi napendekeza ya begani.

Na kabla hujanunua yoyote, kodisha moja siku mbili ufanye nayo kazi halisi. Ushauri huu nilipaswa kuwapa mwanzoni.

Kwenye bajeti, usiweke mashine peke yake. Weka gambuti zenye meno, miwani ya kazi (si ya jua), kizuia kelele cha masikio, na suruali nzito. Fanya kazi ukikata mteremko kwa upande, usipande na kushuka nao. Watu na mbuzi wakae mbali, angalau mita 15, kwa sababu kichwa kikipiga jiwe, jiwe linaruka. Mahali pa mawe tumia nailoni, na hata hapo miwani isitoke usoni. Bledi ya chuma weka kwa vichaka.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna dukani. Wiki iliyopita nilimsaidia boy wangu kazi kwa shamba la mwaitu mmoja. Nikaanza kukata nyasi za ukingo wa matuta hadi udongo ukaonekana, ili ipendeze. Mwaitu akanisimamisha.

"Kijana, hiyo unayonyoa ndiyo imeshika shamba langu."

"Pole, mwaitu. Niache kiasi gani?"

"Acha kiganja kizima. Mvua ya Novemba haina huruma."

Alikuwa sahihi kabisa. Miaka ya 1930 milima hii ya Machakos ilisemekana imeisha kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni ikalaumu mifugo na kuanza kuchukua ng'ombe wa watu, ndipo mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga. Ndiyo, yule wa Muindi Mbingu Street. Baadaye ni wakulima wenyewe, wengi wao akina mama, waliochimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi ukingoni ziushike. Mwaka 1994 watafiti watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, wakaandika kitabu kizima kuhusu jinsi watu waliongezeka Machakos na mmomonyoko ukapungua.

Sasa fikiria sisi tuje na injini, tukanyoe kwa asubuhi moja kile nyanya zetu walijenga kwa jembe. Mteja atafurahi leo, mvua ikija udongo wake utakuwa kwa mto. Kwa hivyo kama mashine yako haiwezi kukata ikaacha nyasi urefu wa kiganja, kwa matuta haifai, hata kama ina nguvu kiasi gani.

Ile video nimeitoa. Mashine nyekundu tunaitafutia mtu wa Syokimau au Mlolongo, kule tambarare, ambako itafanya kazi yake vizuri. Fundi ataiangalia kwanza, na bili yake nalipa mimi. Ikinunuliwa kwa hasara, tofauti nusu ni yangu pia. Nilichukua laiki zenu, hasara siwezi kumwachia yeye peke yake. Na nyinyi mkiona mtu anawauzia mashine kwa video, mimi nikiwemo, angalieni kwanza amesimama kwa mteremko gani.