Ukifika Kituo cha Polisi, Muulize Nani?

Mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Nairobi ameiandikia safu hii akitaka kujua tofauti iliyopo kati ya polisi wa kawaida, polisi wa utawala na wale wa DCI, na kama si wote ni lao moja. Msomaji, usidhani hili ni swali la darasani tu. Wazazi wengi huanza kulitafutia jibu usiku, wamesimama mbele ya kaunta, kijana wao yuko seli, na hawajui waanzie kwa nani.

Tuanze juu, kisha tushuke. Zamani Polisi wa Kenya walikuwa na Kamishna wao, na polisi wa utawala, wale tuliozoea kuwaona kwa chifu na kwa DC, walikuwa na mkubwa wao kando. Katiba ya 2010 iliwaweka wote chini ya paa moja, Huduma ya Taifa ya Polisi, ikampa Inspekta Jenerali mmoja usukani. Huyo huteuliwa na Rais, Bunge likimkubali, na hushika kazi kwa miaka 4 bila nafasi ya kurudia. Wa kwanza alikuwa Bw David Kimaiyo, Desemba 2012. Chini yake wapo manaibu 2, mmoja wa Polisi wa Kenya na mwingine wa Polisi wa Utawala. Pia kuna Mkurugenzi wa Upelelezi, ambaye idara yake ndiyo hiyo DCI, na wazee wangali wanaiita CID.

Mwaka 2018 serikali ilizipanga kazi upya. Polisi wa utawala zaidi ya 20,000 waliokuwa wakishika doria walihamishiwa Polisi wa Kenya. Waliobaki wakapewa kazi za kulinda mipaka, kulinda mitambo na majengo muhimu, na kupambana na wezi wa mifugo. Kwa hivyo wewe unayeishi Kayole au Kisauni, askari utakayemkuta kituoni ni wa Polisi wa Kenya. Trafiki na GSU pia ni wa huko. Nao DCI hupeleleza jinai, na ndio utakaowaendea kuchukuliwa alama za vidole mwajiri akikudai cheti cha tabia njema.

Hayo ni ya makao makuu. Kituoni mambo ni mengine.

Mwenye kituo ni OCS. Juu yake yuko kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, ambaye watu wengi bado humwita OCPD, na juu ya huyo kuna kamanda wa kaunti. Askari anayekupokea kaunta ni wa zamu tu. Asubuhi ataondoka na kesi yako hataibeba. Aliyemkamata mtoto wako pia huenda asiwe ndiye mwenye faili. Faili hushikwa na mpelelezi, na huyo ndiye wa kuulizwa: kijana anatuhumiwa kosa gani, na taarifa yake imeandikwa? Ni jambo la kusikitisha kuwaona wazazi wakimsihi konstebo wa kaunta saa nzima, ilhali yeye hana uwezo wa kumwachilia hata kuku.

Wengine hukimbilia kumpigia simu mheshimiwa fulani. Katiba, kifungu cha 245, inasema waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali mwongozo wa sera kwa maandishi, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au mtu fulani. Na kushtaki si kazi ya polisi tena. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Kwa hivyo simu ya mheshimiwa, hata ikipokelewa, haina mahali katika sheria. Kwamba hupigwa, na kwamba mara nyingine husikizwa, sote twajua.

Kitu chenye nguvu kuliko simu hiyo kiko pale pale kaunta. Ni kitabu cha matukio, ile OB. Kila ripoti na kila mtu anayeingizwa seli hupaswa kuandikwa humo, kwa namba, saa na tarehe. Ukipiga ripoti ya wizi, usiondoke bila namba ya OB. Ukimfuata mtu wako, uliza ameandikwa saa ngapi na kwa kosa gani. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 familia zilizunguka kituo hadi kituo zikiambiwa kwamba kijana wanayemtafuta hayupo. Mtu asiyeandikwa popote hana saa zinazohesabiwa wala afisa wa kujibu kwa ajili yake. Ndiyo maana kitabu hicho, kilichochakaa kona na kufungwa kwa uzi, kina thamani.

Saa zenyewe ni 24. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 24. Hapa pana mlango wa nyuma ambao watu wengi hawaujui. Muda huo ukiisha nje ya saa za korti, au siku ambayo korti hazikai, husogezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa jioni basi anaweza kulala ndani mpaka Jumatatu, na sheria isivunjwe. Si ajabu Ijumaa inaogopwa mitaani.

Lakini si lazima kuingoja Jumatatu. OCS ana uwezo wa kutoa dhamana pale pale kituoni, isipokuwa kwa makosa mazito kama vile mauaji, uhaini na wizi wa kimabavu. Dhamana ya maandishi haina malipo. Ikiwa ni ya pesa taslimu, dai risiti rasmi ya serikali, kwa maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha na mshukiwa hajatoroka. Pesa isiyo na risiti ina jina lake jingine. Na kama kijana hajatimiza miaka 18, beba cheti chake cha kuzaliwa: Katiba inakataza mtoto kufungiwa pamoja na watu wazima.

Kuna baba mmoja aliyekuja na hati ya shamba. Mwanawe, Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa madai ya kumchafulia jina mkubwa wa polisi mtandaoni, akasafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi. Mzee alifunga safari akitumaini hati hiyo ingemtoa mwanawe. Alipofika aliambiwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe, na watu 6, wakiwemo maafisa wa polisi, wakashtakiwa kwa mauaji, wakakana.

Kesi hiyo haikufika kortini kwa polisi kujichunguza wenyewe. Kifo chochote cha mtu aliye mikononi mwa polisi huchunguzwa na IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo wafanyakazi wake si polisi. IPOA hupokea pia malalamiko madogo: kupigwa, kunyimwa OB, kudaiwa hongo. Haihitaji wakili wala ada. Inachohitaji ni jina la kituo, tarehe, saa, na namba ya huduma ya askari. Sheria ya Huduma ya Polisi humtaka askari aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake mahali panapoonekana wazi. Isome kwa utulivu na uiandike mara moja, hata kiganjani, kabla ya kuanza kumwomba chochote.