Vinasaba vya Mtumba kwenye Mpini wa Panga

Ukishuka basi Ubena Zomozi, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, hukosi benchi la kahawa lenye mawakili wasio na cheti. Siku niliyokaa pale kesi ilikuwa ya panga. Si kesi ya kweli, ni mfano tu: limeokotwa kichakani, mtu kauawa, je, mkemia akipangusa mpini atajua nani muuaji? Mzee mmoja akafunga mjadala: “Vinasaba vyako vikikutwa kwenye mpini, umeshika. Mengine porojo.” Sikumjibu, kwa kuwa kahawa alinunua yeye. Leo nalipa deni.

Nianze na hukumu yake hiyohiyo, maana ndiyo inayopeleka watu pabaya. Ni kweli kugusa tu kunatosha. Mwaka 1997 Roland van Oorschot na Maxwell Jones, watafiti wa Australia, walionyesha katika jarida la Nature kwamba kitu kilichoshikwa kwa kiganja tu, bila damu wala mate, kinaweza kumtambulisha aliyekishika. Dunia ikashangilia. Wachache walisoma hadi mwisho, ambapo watafiti haohao walisema vinasaba vinaweza pia kupita kwa mtu wa kati: vya Juma vinahamia mkononi mwa Hamisi, na Hamisi anavipaka kwenye kitu ambacho Juma hajawahi kukiona. Mimi naviita vinasaba vya mtumba, maana vimefika sokoni bila mwenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wa Indianapolis, Marekani, walilipima jambo hilo kwa visu. Watu wawili walishikana mikono kwa dakika mbili, kisha kila mmoja akashika kisu chake. Katika asilimia 85 ya sampuli, vinasaba vya yule ambaye hakukigusa kisu vilionekana. Katika moja kati ya kila tano, yeye ndiye aliyeonekana kuwa mshikaji mkuu, au wa pekee. Wakosoaji wakalalamika kwamba hakuna anayeshikana mkono dakika mbili. Hawajasalimiana na wazee wa Bagamoyo, wanaokuuliza habari za nyumbani, za shamba na za watoto mmojammoja, mkono wako ukiwa bado mateka. Lakini niseme haki: jaribio lile lilipangwa ili vinasaba vihame kwa wingi, kisu kikishikwa palepale baada ya mkono. Mitaani mtu hugusa mengi katikati, na vya mtumba hupungua kila mguso.

Anayedhani haya ni ya maabara tu atazame California. Novemba 2012 tajiri mmoja aliuawa na majambazi nyumbani kwake Monte Sereno, na kwenye kucha zake vikakutwa vinasaba vya mtu asiye na makazi. Mtu huyo alikaa mahabusu zaidi ya miezi mitano akikabiliwa na shitaka la mauaji, hadi ilipogundulika kwamba usiku huo alikuwa hospitalini, amelewa chakari. Waliomfikisha hospitali walikuwa wahudumu wa gari la wagonjwa, na saa chache baadaye haohao ndio walioitwa kwa marehemu. Inaaminika mbebaji alikuwa kile kibanio cha kupima oksijeni kidoleni, ambacho hata sisi tumeshabanwa nacho zahanati.

Jirani yangu pale bencheni alikuwa na lake: “Anayeonekana ni aliyeshika mwisho.” Hapana. Jembe ulilolilimia msimu mzima, nikiliazima asubuhi moja, linaweza kukutaja wewe na kuninyamazia mimi. Inategemea nani alilishika muda mrefu, nani ana jasho, nani katoka kunawa, na ngozi ya nani hupukutisha seli zaidi. Mara nyingi jibu ni mchanganyiko wa watu watatu au wanne, na kuutenganisha ni kazi ya hesabu za uwezekano, si ya macho.

Wengine walisema jua letu la pwani linafuta kila kitu, wengine kwamba vinasaba havifi. Wote wamezidisha. Jua kali, joto, unyevu na bakteria huvikatakata vinasaba, kwa hiyo mpini uliolala kichakani wakati wa masika una hali mbaya kuliko ulioning'inia ghalani, pakavu na gizani. Mti wenye vinyweleo hushika seli ndani, na chuma laini huziachia upesi. Hata baada ya kukusanya, kielelezo kibichi kikifungwa kwenye mfuko wa plastiki kinaota ukungu. Nchini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 kwa ajili ya mazingira, lakini kwa kielelezo chenye unyevu haikufaa tangu zamani: kikaushwe, kitiwe bahasha ya kaki. Kisichowezekana, hata kwa maabara bora, ni kutazama vinasaba na kusema vimewekwa Jumanne.

Hoja iliyopigiwa makofi ilikuwa kwamba mashine haikosei. Mashine inanakili kilicholetwa, basi. Seli moja ina takriban pikogramu sita za vinasaba, na kila mzunguko wa kunakili unaviongeza maradufu: mizunguko 28, kwa hesabu ya makaratasi, ni nakala zaidi ya milioni 268. Uchafu ukiingia, nao unanakiliwa kwa bidii ileile. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mingi mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kila mahali, tangu kwenye mauaji ya polisi mwenzao huko Heilbronn mwaka 2007 hadi kwenye wizi mdogo wa Austria. Mwaka 2009 akapatikana: mfanyakazi asiye na hatia wa mahali zilipotengenezwa pamba za kuchukulia sampuli.

Kwetu kazi hii iko kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Lakini panga hupita mikono mingi kabla ya kufika Dar es Salaam. Ndiyo maana napenda msimamo wa Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, uliotaka kila hatua ya kielelezo iandikwe: nani alikikamata, nani akakitunza, nani akamkabidhi nani.

La mwisho, “bila vinasaba hakuna kesi”, halina haja ya maneno mengi. Mahakama zetu hutia watu hatiani bila vinasaba, na maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu.

Kwa hiyo, mzee wangu, siku panga likija la kweli na mkemia akiwa kizimbani, usimuulize tu vinasaba ni vya nani. Muulize vingeweza kufika pale kwa njia ngapi. Kisha aitwe askari aliyeliokota, aulizwe kama alivaa glavu, na kabla ya kuinama kichakani alikuwa amemshika nani mkono.