Asiyeona Ana Haki ya Kusema Filamu Ni Mbovu

Ukiwa huoni, ukasema jana uliangalia filamu ikakuudhi, watu watakuuliza uliiangaliaje. Swali hilo ni la haki na lina jibu. Linaloniudhi ni wanalosema baada ya kujibiwa: kwamba kama ulisimuliwa, basi huna cha kuhukumu, ulichopata ni msaada, na msaada haukosolewi. Nimeyasikia haya kwa ndugu, kwa walimu, kwa watu wa televisheni, na hata kwa wenzangu wasioona ambao wamezoeshwa kushukuru kabla hawajaonja. Napinga imani hii yote. Ndiyo inayoacha kazi mbovu ya kutusimulia filamu iendelee kufanywa kule ilikoanza, na ndiyo inayozuia isianze kabisa huku kwetu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: maelezo ya sauti ni sauti ya pili inayowekwa kwenye filamu kwa ajili yetu. Mwandishi anaitazama filamu tena na tena, anapima nafasi zilizobaki kati ya maneno ya waigizaji, kisha anaandika sentensi fupi za kujaza humo: nani kaingia, kashika nini, uso umebadilika vipi, sasa tuko wapi. Msomaji anazisoma, na fundi sauti anazichanganya na muziki na milio ya filamu bila kuifunika. Kwenye majumba ya sinema ya Uingereza na Marekani unapewa kifaa cha masikioni, jirani yako hasikii kitu. Nyumbani unaichagua kwenye orodha, pale pale unapochagua lugha. Nafasi hizo mara nyingi ni sekunde mbili au tatu. Aliyepewa sekunde tatu aeleze uso wa mama aliyefiwa lazima achague maneno machache na kuyaacha mengi, na anayechagua anaweza kuchagua vibaya. Hapo uhakiki unaanza.

Chukua A Quiet Place, filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na John Krasinski. Dunia imevamiwa na viumbe visivyoona lakini vyenye masikio makali mno, na anayepiga kelele anauawa. Familia moja inaishi kwa kunyamaza. Wanaongea kwa lugha ya alama, na maneno yao yanaandikwa chini ya picha. Binti wa familia haisikii dunia, na anayemwigiza, Millicent Simmonds, naye ni kiziwi. Sasa fikiria mimi napata nini bila maelezo. Upepo, nyayo peku juu ya mchanga, pumzi. Hata mazungumzo mengi siyapati, kwa sababu yameandikwa.

Katika filamu hiyo kuna msumari. Mama, Evelyn, anaburuta gunia la nguo akipanda ngazi ya ghala la chini ya nyumba. Gunia linanasa, analivuta, na msumari uliokuwa kwenye ubao unasimama, ncha juu. Yeye hajui. Mtazamaji anajua. Baadaye, uchungu wa kuzaa umemshika, anashuka ngazi ile ile bila viatu, na mwenye macho ameshauweka msumari kichwani tangu zamani. Mguu unatua juu yake. Haruhusiwi kulia. Picha yenye fremu inamponyoka na kuanguka, na sauti hiyo ndogo inatosha kumwita muuaji.

Msimulizi akiutaja msumari mara unaposimama, kwa sauti tulivu, bila kuupamba, nami nitabana pumzi kila mtu anapoikaribia ngazi. Akiuruka kwa kudhani ni jambo dogo, akaja kuutaja mguu unapochomwa, ameniibia hofu yote na kuniachia ajali tu. Akiutaja kwa kunionya kwamba msumari huu utaleta balaa, ameshika nafasi ya mwongozaji na kunitafunia. Filamu imebaki ile ile, lakini jioni yangu inategemea ni lipi kati ya hayo matatu alilofanya. Mhakiki mwenye macho hawezi kukwambia, maana yeye msumari aliuona mwenyewe. Anayeweza kupima kama uliwekwa mahali pake ni yule ambaye hakuwa na njia nyingine ya kuujua.

Ndiyo maana sikubali kabisa kuambiwa kwamba uhakiki wangu ni wa daraja la pili. Kuna sehemu ya filamu ambayo ni mimi tu ninayeifikia. Iliandikwa na mtu, ikasomwa na mtu, ikalipiwa, ikauzwa pamoja na filamu. Ina ubora na ina uzembe. Kuna msimulizi anayekwambia kwamba mtu amekasirika, na kuna anayekwambia kwamba amekunja ngumi nyuma ya mgongo huku akitabasamu; wa kwanza kakupa hukumu yake, wa pili kakupa ushahidi ukahukumu mwenyewe. Kuna anayemwita mtu mwenye kinyago kwa jina lake halisi nusu saa kabla filamu haijamfichua. Wengine hawawezi kustahimili ukimya, wanamwaga maneno juu ya muziki ambao ndio uliokuwa unasema.

Kosa jingine linanigusa kama Mwafrika. Kwa miaka mingi maelezo mengi ya Kiingereza yamemtambulisha Mzungu kwa urefu, nywele na nguo, na Mweusi kwa rangi yake. Kwa hiyo mimi, nimekaa Tanga, nasikiliza filamu ya mjini New York, nafundishwa bila kuambiwa kwamba kila asiyetajwa rangi ni Mzungu, na kwamba Mweusi ndiye wa kutangazwa. Mwenye macho anaona barabara iliyojaa watu wa kila rangi. Mimi napewa barabara ya Wazungu yenye Mweusi mmoja. Huko Uingereza shirika la VocalEyes pamoja na Chuo cha Royal Holloway wamelifanyia utafiti suala hili la namna ya kueleza watu walivyo, na waandishi wa maelezo wameanza kujirekebisha. Mjadala kama huo hauwezi kuwepo mahali ambapo wasikilizaji wameambiwa kazi yao ni kushukuru.

Kisha kuna sauti ya mashine. Huduma kadhaa za filamu mtandaoni zimeanza kuweka maelezo yanayosomwa na kompyuta, kwa sababu ni rahisi na ya haraka. Sina ugomvi na sauti hiyo kazini kwake. Simu yangu inanisomea kutwa nzima, ujumbe wa ofisini na salio la pesa, na ninaielewa kwa kasi ambayo wengi wenu hamtaiweza. Lakini mzee anapokufa mikononi mwa mwanawe, muziki ukashuka, akaingia msomaji asiyejua kwamba kuna mtu amekufa, tukio limevunjika. Hakuna mtayarishaji ambaye angekubali mwigizaji wake asome hivyo. Anakubali kwangu kwa sababu anaamini sitalalamika.

Wanaosema haya yote ni hisani wajue ilikotoka. Mwaka 1981 ukumbi wa Arena Stage, Washington, ulianza kuwa na maonyesho ya tamthilia yenye maelezo kwa wasioona. Waliosimamia kazi hiyo ni Margaret Pfanstiehl na Cody, aliyekuja kuwa mumewe, na Margaret mwenyewe alikuwa haoni. Alikuwa ameshaanzisha huduma ya kuwasomea wasioona magazeti kwa njia ya redio. Yeye na Cody walikaa wakaweka kanuni, wakafundisha wasimulizi. Tangu mwanzo, basi, asiyeona alikuwa upande wa waliotengeneza, akisema hiki kinafaa na kile hakifai.

Miaka mingi baadaye, Aprili 2015, Netflix ilitoa Daredevil, tamthilia inayomhusu wakili asiyeona, Matt Murdock. Asiyeona halisi hakuweza kuifuata, maana haikuwa na maelezo ya sauti. Watu walilalamika hadharani, wakaandika, wakapaza sauti, na ndani ya siku chache kampuni ikatangaza kwamba itaanza kuweka maelezo, ikianza na Daredevil yenyewe. Leo asiyeona wa Mombasa au Mwanza mwenye uwezo wa kulipia huduma hiyo anafaidi matunda ya malalamiko hayo. Waliolalamika ndio waliotuletea.

Najua hoja inayobaki. Filamu ni picha, wanasema, na uliyosimuliwa si uliyoyaona. Ni kweli sitakuambia kama mpiga picha alikosea mwanga. Sijawahi kudai hivyo. Lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa miongo mirefu mashabiki wa Simba na Yanga walioko mbali na uwanja waliufuata mchezo kupitia Radio Tanzania. Baba zenu waligombana usiku kucha kuhusu penalti ambayo hakuna kati yao aliyeiona, na walijua mtangazaji yupi anaufuata mpira na yupi anachelewa akaja kushtuliwa na kelele za uwanja. Hakuna aliyewaambia hawana haki ya kumlaumu refa, wala ya kumlaumu mtangazaji.

Vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, navyo vinajulikana. Watu walilipa wakae kwenye mabenchi wamsikilize Lufufu akiwatafsiria na kuwasimulia filamu za nje. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Maelfu ya watu wenye macho mazima wamezijua filamu za mbali kupitia mdomo wa mtu wa tatu, na wakabishana nani anasimulia vizuri na nani anaharibu. Kwangu mimi kazi yao haitoshi, kwa sababu wanasema juu ya maneno ya waigizaji na kuacha sehemu kubwa ya picha, wakijua mteja anaiona. Lakini wamethibitisha kwamba msikilizaji wa huku ana sikio la kupima usimulizi, na kwamba yuko tayari kuulipia.

Hapo ndipo ninapowageukia watayarishaji wetu. Sijawahi kuangalia filamu ya Kiswahili yenye maelezo ya sauti ya Kiswahili. Nasikiliza maelezo kwa Kiingereza, lugha ambayo wazee wangu hawaielewi, na filamu za nyumbani nasimuliwa na mpwa wangu akikumbuka. Anajitahidi. Lakini anasimulia anapocheka na kunyamaza anapoogopa, na penye kuogopesha ndipo ninapomhitaji. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Riwaya hiyo naweza kuisoma au kusomewa, nikapata Zanzibar ya enzi ya ukoloni, nikampata Yasmin na Denge. Filamu ndiyo nisiyoipata. Nataka kujua mwongozaji amewafanya waangaliane vipi, ameweka nini ndani ya chumba, kamera imekaa kwa nani pale maneno yanapokwisha. Nikishajua, nataka niweze kusema hapa amefaulu na hapa ameanguka.

Wanasema ni gharama na hatuna watu wa kuifanya. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, yote ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na mitaa ikanyamaza kuifuata. Tangu hapo zimetiwa sauti tamthilia za Kituruki na za Kihindi. Kutia sauti tamthilia nzima kunataka waigizaji wengi, mtafsiri, na kulinganisha kila neno na midomo. Maelezo ya sauti yanataka mwandishi mmoja mzuri, msomaji mmoja na fundi. Studio zipo, sauti zipo. Haipo imani kwamba upande wa pili kuna mtazamaji mwenye akili na maoni yake.

Sheria nazo hazijifichi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006, unazitaka nchi katika kifungu cha 30 zihakikishe tunafikia vipindi vya televisheni, filamu na maigizo kwa namna tunayoweza kuipokea. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Kwenye taarifa ya habari tumemwona, yaani mmemwona, mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini, na nafurahi kwa viziwi kwa dhati. Kwenye burudani, wasioona bado tunahesabiwa kuwa watu wa redio.

Wahariri wa kurasa za burudani nao wana sehemu yao. Nimewahi kupeleka uhakiki wa filamu mahali, nikaombwa niugeuze uwe habari ya kutia moyo: maisha yangu, changamoto zangu, namna ninavyotumia simu. Filamu yenyewe haikuwahusu. Hilo ni tusi, hata likisemwa kwa upole. Andiko langu lilihusu msimulizi aliyelala usingizi katikati ya kazi na mwongozaji aliyejaza dakika kumi za mwisho kwa milipuko isiyo na maana, na nilikuwa na ushahidi wa yote mawili.

Mtayarishaji atakayethubutu kuwa wa kwanza kuweka maelezo ya Kiswahili, nina ombi moja kwake. Asiniite siku ya uzinduzi nikate utepe na kupigwa picha. Anitumie mswada wa maelezo kabla haujarekodiwa, anilipe kama anavyomlipa mhariri, na anipe saa chache na mwandishi wake chumba kimoja, tupitie tukio baada ya tukio. Filamu ikishatoka nitakabidhi kalamu kwa asiyeona mwingine, ambaye hakuwemo chumbani, aihakiki bila kutuhurumia.