Bati la Bisie linatoka, mgonjwa wa Walikale anangoja sufuria ya ndugu yake

Katika hospitali nyingi za Kongo, muganga anaandika dawa, lakini chakula cha mgonjwa ni shauri la jamaa. Ndugu anayemlinda ndiye anatafuta makaa, unga na sombe, na kupika nyuma ya jengo. Mchimbaji aliyevunjika mguu mbali na kwao anakula ikiwa wa kitanda cha jirani amemhurumia. Tumezoea hivyo hata hatuoni tena kama ni kasoro.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kasoro hiyo inaua. Mtoto wa bwaki, aliyevimba miguu, hashibishwi haraka. Mwili wake umezoea njaa. Ukimjaza chakula kingi siku ya kwanza, moyo unaweza kushindwa. Ndiyo sababu waganga wanaanza na maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kila saa tatu, usiku na mchana, kabla ya kupanda kwa F-100 au Plumpy'Nut. Asiyeweza kumeza anapitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni. Wapo mama wanaouona mpira huo kama alama ya kifo, wakamtorosha mtoto usiku. Muuguzi asiyechukua muda wa kueleza ana sehemu yake ya lawama. Hatari kubwa iko kwa kumshika mtoto na kummiminia uji kwa nguvu, maana uji unaweza kuingia mapafuni.

Si kila mtoto analazwa. Mwenye mkono chini ya milimita 115, lakini ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mkali, anatibiwa nyumbani kwa pakiti za Plumpy'Nut. Kila pakiti ina kalori 500. Tunawalaumu mama wanaozigawa kwa watoto wengine, lakini mama wa watoto watano atamlishaje mmoja huku wanne wanatazama?

Sasa tuongee Bisie. Tangu kasiterite ianze kuchimbwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana waliacha mashamba, na chakula kilifika mgongoni mwa wabebaji kupitia msitu. Leo kampuni ya Alphamin inachimba kwa mashine: mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati la dunia.

Machi 2025 vita ilifika. Mgodi ulisimama tarehe 13, na M23 wakaingia Walikale-centre tarehe 19. Wakaaji walikimbilia msituni. Waasi walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, mgodi ulianza kurudi kazini mwezi uleule. Mwaka huo pia Marekani ilikata misaada yake, nayo ilikuwa kati ya wafadhili wakubwa wa vyakula hivyo vya tiba. Mgodi haukuchukua muda kufufuka. Shamba la muhogo lililoachwa linahitaji mwaka mzima, na maziwa ya mtoto bado yanangoja huruma ya ng'ambo.

Sheria ya madini ya 2018 inatoa njia. Asilimia 15 ya mrabaha inaenda kwa sekta au usultani wenye mgodi, kwa ajili ya miundombinu ya msingi. Jiko la hospitali, lenye maji na ghala, ni muundombinu. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Humo unaweza kutoka unga, maharagwe, mafuta ya mawese na mshahara wa mpishi, vinunuliwe kwa wakulima wa palepale. Maziwa ya tiba ni deni la serkali kupitia PRONANUT, si la shirika la kigeni.

Tunajua jibu litakalotolewa: barabara kwanza. Barabara ni lazima, hatubishi. Lakini mtoto anayelishwa kila saa tatu hawezi kungoja lami. Bajeti ya sekta ya Wanianga itakaposomwa, shirika la kiraia liulize jiko la wagonjwa liko kwenye ukurasa gani.