Mbwa Mchungaji na Jina la Koko

Aghalabu niwaulizapo wanafunzi wangu lile jibwa la masikio wima, ambalo Wajerumani huliita Schäferhund, tuliiteje kwa Kiswahili, jibu huwa moja: mbwa wa polisi. Hakuna amtajaye kondoo, ilhali jina hilo, likichambuliwa, halina polisi ndani yake. Ni mbwa wa mchungaji, basi.

Mnamo 1899, Max von Stephanitz, afisa wa jeshi, alimnunua mbwa aitwaye Hektor katika maonyesho ya Karlsruhe, akambadilisha jina kuwa Horand, kisha akamwandikisha wa kwanza katika daftari la chama chake kipya. Kazi ya mababu wa Horand ilikuwa kukimbia huku na huko baina ya malisho na mashamba ili kondoo wasiguse nafaka. Walikuwa ua lenye miguu minne. Ndiyo sababu mbwa huyu hufundishika upesi, hachoki mapema, na humtazama bwana wake akingoja amri. Kazi ya malishoni ilipopungua, Stephanitz mwenyewe ndiye aliyemsukuma kwa polisi na jeshi. Waingereza nao, kwa chuki ya vita vya 1914 hadi 1918, walifuta Ujerumani katika jina lake wakamwita Alsatian, hata chama chao cha mbwa kilipomrejeshea jina mwaka 1977. Sisi tuliotawaliwa tulirithi jina hilo la vita, na wengine tungali nalo!

Sasa tutazame hapa Kianjai. Mtoto apelekaye mbuzi na kondoo malishoni hufuatwa na mbwa mwembamba wa rangi ya udongo. Hakufundishwa na yeyote. Hata hivyo humbwekea mgeni, na mbuzi akinyemelea maharagwe ya jirani humkatia njia. Huyo tunamwita koko, yaani mbwa mzururaji asiye na mwenyewe. Lakini wa Kianjai ana mwenyewe, ana jina, na ana kazi ileile ya mababu wa Horand. Amekosa daftari tu.

Mtaniambia jina halimwumizi mbwa. Sikubali. Mbwa wa kununuliwa hupelekwa kuchanjwa dhidi ya kichaa. Koko husahauliwa, kwani nani agharimie kisicho na mwenyewe? Nao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema sharti asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ndipo ugonjwa huo ukatike. Kenya imejiwekea lengo la kuukomesha miongoni mwa binadamu ifikapo 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa kuchanja mbwa wa mabwanyenye wa mjini pekee, na waumwao mara nyingi ni watoto, hao hao waandamanao na mbwa malishoni.

Kwa hiyo, mwalimu usahihishaye insha ya mnyama nimpendaye, ukikuta mwanafunzi ameandika "mbwa wetu mchungaji", nakusihi usiyakate maneno hayo kwa kalamu nyekundu na kuandika "koko" juu yake.