Dawa mpya ya nyoka yamwacha kifutu nje

HATUA ya wanasayansi kuunda kingasumu isiyotegemea damu ya farasi inastahili pongezi. Hata hivyo, mkulima wa Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, ana haki ya kuuliza iwapo dawa hiyo itamfaa.

Utafiti huo, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Denmark, ulichapishwa katika jarida la Nature mnamo Oktoba 2025. Alpaka na lama walidungwa sumu za spishi 18 za nyoka wa Afrika wa jamii ya swila na koboko. Kutokana na kingamwili za wanyama hao, wataalamu waliteua vipande 8 na kuvichanganya. Mchanganyiko huo uliwakinga panya dhidi ya sumu za spishi 17.

Tangu mwisho wa karne ya 19, kingasumu imetengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kisha kuichuja damu yake. Sehemu kubwa ya kinachopatikana haihusiani na sumu kamwe, na protini za farasi zaweza kumzulia mgonjwa mzio mkali. Vipande hivi vipya huzalishwa na bakteria, na udogo wavyo huviwezesha kupenya upesi katika nyama iliyoumwa. (Kingamwili za aina hii zilitangazwa na watafiti wa Brussels mwaka 1993, nao walizipata katika damu ya ngamia, mnyama ambaye majirani zetu Waturkana wamemfuga tangu jadi.)

Kasoro ni kwamba kifutu hayumo. Nyoka huyu hatoroki asikiapo kishindo. Hujilaza kimya kwenye kijia hadi akanyagwe. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, hivi kwamba aliyeumwa huweza kupona lakini akapoteza mguu. Tena, muuguzi anayempokea mgonjwa usiku hajui daima ni nyoka yupi aliyemuuma. Akiwa na dawa ya swila pekee, atabahatisha.

Kisha kuna suala la fedha. Fav-Afrique, iliyotibu sumu za spishi 10, kifutu akiwemo, haikufa kwa sababu ya udhaifu wa kisayansi. Kampuni ya Sanofi iliacha kuitengeneza mwaka 2014 baada ya kushindwa na bei za washindani, na shehena ya mwisho ikapitwa na muda Juni 2016. Ni nani atakayehakikisha kwamba dawa mpya haikumbwi na yayo hayo?

Shirika la Afya Duniani liliazimia mwaka 2019 kupunguza kwa nusu vifo vya kuumwa na nyoka kufikia 2030. Kenya haiendi mikono mitupu katika jitihada hizo. Karen, jijini Nairobi, kipo kituo cha utafiti, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Nyani, kinachofuga nyoka na kuwakamua sumu. Wizara ya Afya yafaa ikitumie kituo hicho kudai kifutu ajumuishwe, na iahidi mapema kununua dawa itakayohifadhiwa Endebess na Suam kwenyewe, si Nairobi tu.