Akiba Iliyofichwa Udongoni

Juma hili tunawaalika mtoke nasi huku Pwani, tupande hadi Nyanda za Juu Kusini, kwenye uwanda wa Kitulo, ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,600. Watu huuita Bustani ya Mungu. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha, uwanda huo hufunikwa na maua, zikiwamo aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini. Mwaka 2005 Serikali iliufanya Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua.

Siri ya okidi hizo imo udongoni. Mmea huwa na viazi viwili: cha zamani, kinachonyauka kwa kulilisha ua la mwaka huu, na kipya, kinachojaa akiba ya mwaka ujao. Kiangazi kikifika majani hufa, kiazi kikabaki kikingoja mvua.

Akiba hiyo ndiyo itafutwayo. Nchini Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, kisha hupikwa pamoja na karanga, vikawa chikanda, chakula kipendwacho sana. Okidi za huko zilipopungua, wafanyabiashara waligeukia nyanda zetu. Achimbuaye kiazi huua mmea, na kuurejesha si kazi nyepesi: mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, na hazioti zisipokutana na kuvu maalumu udongoni. Uturuki, ambako viazi vya okidi hutengenezewa kinywaji cha sahlabu, imepiga marufuku kuvipeleka nje.

Si haki kuwalaumu wachimbaji na kuishia hapo. Wengi wana watoto wa kulisha, na kiazi ni fedha ya leo. Mlinzi wa hifadhi hatoshi pasipo njia nyingine ya riziki ya halali. Hata hivyo, alaye mbegu yote hana cha kupanda.

Nasi wa Janga, Kibaha na Kisarawe jambo hili latuhusu. Mizizi ya dawa tunayoichimba ina hali iyo hiyo. Wazazi, tuwafunze watoto wetu: wachimbe panaporuhusiwa tu, wasiung'oe mmea ulio peke yake, wachukue kiasi na kufukia shimo. Ardhi ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.